Hati ya kielektroniki ikubalike ng'ambo: hatua kwa hatua

Dada mmoja niliyemwandalia nyaraka za ndoa alikuwa na kila kitu: cheti kilichosainiwa kielektroniki na msajili, apostili ya kielektroniki juu yake (cheti kinachothibitisha saini na muhuri wa hati ili ikubalike nchi nyingine), na tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Tovuti ya ofisi aliyokuwa anaipelekea ilikataa faili yoyote inayozidi megabaiti 2, na ya kwake ilikuwa 3 na ushee. Akaingia kwenye tovuti moja ya kubana PDF, faili ikashuka, akaipakia, akalala. Wiki tatu baadaye jibu likaja: hati haina saini halali. Alinipigia simu analia, maana kwenye kioo alikuwa anaona saini ileile, muhuri uleule, namba ileile.

Alichokuwa anakiona ni picha ya saini. Saini yenyewe haionekani kwa macho. Ofisa anaposaini, programu hukokotoa namba moja ndefu kutokana na kila kilichomo ndani ya faili, ikaifunga kwa ufunguo wa siri wa ofisa huyo, kisha ikaambatisha cheti cha kidijitali kinachosema ufunguo ni wa nani na nani amemtambua. Ukibadilisha hata koma moja, namba haitoki ileile tena. Programu ya kubana huandika faili upya kuanzia mwanzo, na mara nyingi huitupa saini njiani bila kukuambia.

Kosa hilo nimeliona kwa watu wengi, wakiwemo mawakili, na linauma kwa sababu linatokea mwishoni, kazi ngumu yote ikiwa imekwisha. Ndiyo maana mwongozo huu unazungumza sana kuhusu faili. Hati ya kielektroniki ni faili lile lile lililotoka mikononi mwa aliyelisaini. Karatasi uliyoiprinti, skani na picha ya simu ni nakala zake tu.

Hatua ya 1: Anza na atakayepokea

Wengi huanza na ofisi inayotoa hati. Mimi huanza upande wa pili. Kabla hujalipia chochote, iandikie ofisi itakayopokea na uiulize: inataka faili au karatasi? Faili itaingia kwa njia gani, na ukubwa wa mwisho ni upi? Tafsiri iwe ya mtafsiri gani? Hati isizidi umri gani tangu itolewe?

Usiishie kuuliza kama "wanapokea nyaraka za kielektroniki". Karani atakujibu ndiyo akimaanisha skani ya karatasi, nawe utaelewa jambo jingine kabisa. Swali linalotoa jibu la kweli ni hili: "Nikiwaletea PDF yenye apostili ya kielektroniki, isiyo na karatasi yoyote nyuma yake, mtaikagua vipi?" Ofisi inayojua kazi hiyo itakutajia rejista au programu ya kukagulia. Isiyojua itasita, na kusita huko ni bora ukakujue leo kuliko siku ya miadi.

Jibu liwe la maandishi. Uliyezungumza naye kwa simu anaweza kuwa likizoni siku faili yako inafunguliwa na mwenzake.

Hatua ya 2: Ijue njia ya nchi zako mbili

Kinachotakiwa hutegemea jozi ya nchi: hati inakotoka na inakokwenda.

Njia inayotumika zaidi ni Mkataba wa Apostili, uliosainiwa The Hague tarehe 5 Oktoba 1961 na kuanza kutumika mwaka 1965. Ulikuja kuondoa ule mlolongo wa kugongesha mihuri kutoka ofisi hadi wizara, kutoka wizara hadi ubalozi, na kuweka mahali pake cheti kimoja tu. Nchi zaidi ya 120 zimo, na orodha inazidi kukua: mkataba ulianza kutumika China tarehe 7 Novemba 2023, Kanada tarehe 11 Januari 2024, na Rwanda tarehe 5 Juni 2024. Kwa hiyo usiamini maelezo ya miaka mitano iliyopita, hata yakiwa ya mtu mwenye uzoefu. Fungua jedwali la nchi wanachama kwenye tovuti ya Mkutano wa The Hague wa Sheria Binafsi ya Kimataifa, maarufu kama HCCH, usome safu mbili: tarehe ya kuanza kutumika, na pingamizi. Safu ya pili wengi huiruka. Nchi mwanachama inaruhusiwa kupinga kujiunga kwa nchi nyingine, na ikifanya hivyo mkataba haufanyi kazi kati ya hizo mbili hata kama zote zimo kwenye orodha.

Njia ya pili ni ya ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa Kanuni namba 2016/1191, inayotumika tangu tarehe 16 Februari 2019, nyaraka za umma kama za kuzaliwa, ndoa, kifo na kutokuwa na rekodi ya jinai zinazotoka nchi moja mwanachama kwenda nyingine hazihitaji apostili kabisa.

Njia ya tatu ni mlolongo wa zamani wa wizara na ubalozi, pale ambapo nchi mojawapo haimo kwenye mkataba. Hapa nitasema wazi: mara nyingi faili peke yake haifiki mbali. Balozi nyingi bado zinagonga muhuri juu ya karatasi, kwa hiyo utamtaka notari, yaani ofisa aliyeidhinishwa kisheria kushuhudia na kuthibitisha saini na nyaraka, akague faili, aiprinti, na athibitishe kwa maandishi kwamba chapisho linalingana na hati ya kielektroniki aliyoikagua, ndipo uanze mlolongo. Ukijikuta kwenye njia hii, omba hati ya karatasi tangu mwanzo kama inapatikana. Utaokoa siku nyingi.

Hatua ya 3: Hakikisha hati yenyewe inastahili kuthibitishwa

Apostili huwekwa juu ya hati ya umma: cheti cha msajili, hukumu ya mahakama, hati ya notari, shahada ya chuo cha serikali. Mkataba wa kibiashara kati ya watu wawili, au hati ya uwakilishi uliyoiandika nyumbani, si hati ya umma. Ili isafiri, ipitie kwanza kwa notari. Apostili itathibitisha saini ya notari, si ya kwako. Nje ya mkataba zimeachwa pia nyaraka zinazotolewa na maofisa wa kibalozi, na nyaraka za kiutawala zinazohusu moja kwa moja biashara au forodha.

Nani anaamua kama hati ni ya umma? Sheria ya nchi ilikotoka. Hili lina uzito kwa hati zilizothibitishwa na notari kwa njia ya video. Virginia, jimbo la kwanza Marekani kuruhusu jambo hilo, ilipitisha sheria yake mwaka 2011, na majimbo mengi yameifuata. Kama sheria ya huko inaitambua kazi hiyo ya notari, hati inaweza kupewa apostili. Lakini ofisi inayopokea ina haki ya kuuliza kama sheria yake yenyewe inakubali muamala huo ufanyike bila mtu kufika mbele ya notari. Kwa ardhi na wosia nchi nyingi ni kali. Apostili haitakusaidia hapo. Mwulize wakili wa nchi inayopokea kabla ya kusaini.

Angalia pia aina ya saini iliyotumika. Jina lililochapwa mwishoni mwa barua pepe ni saini ya kielektroniki kwa maana pana, na picha ya mwandiko iliyobandikwa kwenye PDF nayo ni hivyohivyo. Zote mbili hazina nguvu ya saini iliyofungwa kwa cheti cha kidijitali. Ulaya imeyaweka haya wazi zaidi: Kanuni namba 910/2014, iitwayo eIDAS, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2016, inasema saini isinyimwe nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni ya kielektroniki, na ile ya daraja la juu kabisa ina nguvu sawa na saini ya mkono na lazima itambuliwe katika nchi zote wanachama. Kila nchi hutangaza orodha ya watoa huduma wanaoaminika. Saini ya mtoa huduma aliye nje ya orodha hizo haiwi batili kwa hilo, ila haibebi upendeleo huo, na mzigo wa kuithibitisha unakurudia wewe.

Hatua ya 4: Omba apostili ya kielektroniki

HCCH ilianzisha mpango wa apostili za kielektroniki mwaka 2006, ukiwa na sehemu mbili: apostili yenyewe katika umbo la faili lenye saini ya kidijitali, na rejista ya mtandaoni ambapo yeyote anaweza kuikagua. Si nchi zote zinazotoa. Baadhi zinatoa kwa hati fulani tu; Uingereza, kwa mfano, ilipoanza huduma hiyo iliviacha nje vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo. Tovuti ya HCCH inataja ofisi yenye mamlaka kwa kila nchi, na humo utaona kama inatoa za kielektroniki.

Kuhusu kupokea, msimamo ni mwepesi kuueleza. Wanachama wamekubaliana katika mikutano yao kwamba apostili isikataliwe kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Nchi ambayo haijaanza kutoa inatakiwa kupokea za wenzake.

Ikikufikia, isome. Cheti chenyewe kina vipengele 10 vyenye namba: nchi, aliyesaini hati, cheo chake, muhuri uliomo, mahali, tarehe, ofisi iliyothibitisha, namba ya apostili, muhuri na saini ya ofisi hiyo. Kichwa lazima kiwe cha Kifaransa, "Apostille (Convention de La Haye du 5 octobre 1961)", hata kama vingine vyote viko kwa lugha nyingine. Soma kipengele cha 2 na cha 3 kwa utulivu. Jina hapo liwe la ofisa aliyesaini hati yako. Nimewahi kuona limeandikwa jina la mwenye cheti, na ofisi iliyopokea ikairudisha kwa haki kabisa.

Na uelewe mpaka wake. Apostili inasema saini ni ya kweli, aliyesaini alikuwa na cheo hicho, na muhuri ni wa kweli. Basi. Haisemi kilichoandikwa ndani ni kweli, wala haiilazimishi nchi nyingine ikupe unachokiomba.

Hatua ya 5: Ikague mwenyewe kabla mwingine hajaikagua

Usikague kwenye simu. Programu nyingi za simu huonyesha ukurasa tu na hazisemi lolote kuhusu saini. Tumia kompyuta yenye programu inayosoma saini za PDF, kama Adobe Acrobat Reader, ufungue paneli ya saini.

Kuna alama tatu. Tiki ya kijani: hati haijaguswa na aliyesaini anatambulika. Msalaba mwekundu: kuna kitu kimebadilika au saini ni batili, usiitume hiyo, rudi kwa aliyeitoa. Pembetatu ya njano ndiyo inayowatisha watu bure. Mara nyingi maana yake ni kwamba programu yako haimfahamu aliyetoa cheti cha kidijitali, kwa sababu serikali nyingi hutumia mamlaka zao wenyewe ambazo hazimo kwenye orodha ya programu. Bonyeza, soma maelezo. Kama yanasema hati haijabadilishwa tangu iliposainiwa, faili yako ni salama, na kilichobaki ni kumwonyesha mpokeaji mahali pa kuhakikisha mtoa cheti. Ofisi nyingi zinazotoa apostili huweka maelekezo hayo kwenye tovuti zao, ambatisha kiungo.

Ukikuta saini mbili, ya msajili na ya apostili, usishangae ya kwanza ikiandikiwa kwamba kuna mabadiliko baadaye. Saini ya pili huongezwa mwishoni mwa faili bila kuigusa sehemu iliyofungwa na ya kwanza, na programu inakueleza tu kwamba imeongezwa.

Kisha nenda kwenye rejista. Utaingiza namba ya apostili na tarehe, pengine na msimbo wa ziada. Rejista nyingine hujibu tu kwamba namba hiyo ipo. Nyingine huonyesha apostili nzima, hata hati iliyo chini yake, na hizo ndizo bora, kwani namba ya kweli inaweza kubandikwa kwenye hati ya uongo. Usifike huko kwa kuskani msimbo wa QR pekee. Mghushi anayeweza kutengeneza cheti hashindwi kutengeneza tovuti inayofanana na ya wizara na kuuelekeza msimbo huko. Chukua anwani ya rejista kwenye orodha ya HCCH, uiandike mwenyewe.

Hatua ya 6: Tafsiri

Fuata jibu ulilopewa katika hatua ya 1. Mara nyingi mtafsiri anatakiwa awe ameapishwa katika nchi inayopokea, na tafsiri ya kwenu, hata iwe nzuri namna gani, itarudishwa. Mpe faili ikiwa tayari ina apostili, ili aitafsiri na yenyewe. Tafsiri yake ibaki faili ya pili yenye saini yake. Asiiunganishe na hati kuwa PDF moja.

Hatua ya 7: Itume bila kuigusa

Mambo yanayoua saini ni ya kawaida kabisa: kubana, kuunganisha kurasa, kuiprinti kisha kuiskani, kuihifadhi upya kupitia amri ya kuprinti kuwa PDF, kugeuza ukurasa uliolala, kufuta ukurasa mtupu, kuipiga picha ya kioo. Itume kama kiambatisho cha faili, kamwe si kama picha. Ukitaka kubadilisha jina la faili, fanya kwenye nakala. Jina halimo ndani ya saini, lakini tabia ya kutogusa ya kwanza itakulinda siku nyingine.

Kikomo cha ukubwa kikikubana, usibane faili. Iandikie ofisi, taja ukubwa, eleza kwamba ukiipunguza saini itafutika, uombe njia nyingine. Yule dada tulifanya hivyo mara ya pili: barua ya mistari minne, na siku mbili baadaye wakampa anwani ya barua pepe ya kutumia. Faili ileile iliyokuwa imelala kwenye kompyuta yake muda wote ikapita.

Kuprinti kuna mahali pake. Hispania, kwa mfano, huweka kwenye nyaraka nyingi za utawala msimbo wa kuhakikishia, na anayeshika karatasi anaweza kuuingiza kwenye tovuti ya ofisi husika akaiona hati halisi. Hapo karatasi ni ufunguo wa kuifikia faili. Kama hati yako ina msimbo wa namna hiyo, peleka vyote viwili.

Kwenye barua ya kusindikiza andika mambo manne kwa ufupi: hii ni hati ya kielektroniki isiyo na asili ya karatasi, apostili ni namba fulani ya tarehe fulani, inakaguliwa kwenye anwani hii, saini isomwe kwa programu ya kompyuta. Karani aliye na mafaili mia mezani atakushukuru.

Hatua ya 8: Ikikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, kisha itambue ni ya aina gani, maana kila moja ina dawa yake.

Wakisema saini haisomeki, omba wakurudishie faili waliyoipokea, uilinganishe na yako. Kama yao imeharibika, tuma upya. Kama ni nzima, tatizo ni pembetatu ya njano, na watumie maelekezo ya mtoa cheti.

Wakisema hawapokei apostili ya kielektroniki, wajibu kwa heshima ukitaja mkataba na msimamo wa wanachama, ukiwaomba wawasiliane na ofisi yenye mamlaka ya apostili ya nchi yao wenyewe. Hiyo ndiyo inayoweza kumwelekeza karani wa manispaa au chuo. Mimi huandika barua hiyo, na wakati huohuo nauliza kama naweza kupata apostili ya karatasi. Mtu mwenye tarehe ya harusi au ya kufungua muhula hawezi kusubiri haki yake ithibitike kwanza.

Wakisema hati ni ya zamani, chunguza wanachozungumzia. Mkataba hauweki muda wa kuisha kwa apostili. Lakini sheria ya nchi inayopokea inaweza kutaka cheti chenyewe kiwe kimetolewa ndani ya miezi kadhaa iliyopita, na hilo ni halali, utaomba kipya.

Hatua ya 9: Itunze

Vyeti vya kidijitali vya kusainia huisha muda, mara nyingi baada ya miaka michache. Saini iliyowekwa wakati cheti kikiwa hai haifi kwa sababu hiyo, mradi iweze kuonekana iliwekwa lini. Kinachoonyesha hilo ni muhuri wa muda unaotolewa na mtoa huduma huru, na baadhi ya ofisi huweka ndani ya faili taarifa zote za ukaguzi ili ikagulike hata baada ya miaka. Angalia kwenye paneli ya saini kama muhuri wa muda umo. Kama saa iliyoandikwa imetoka kwenye kompyuta ya aliyesaini tu, na hati ni ya kudumu, kama ya ardhi au ya mirathi, omba itolewe upya ikiwa na muhuri huo, cheti kikiwa bado hai.

Weka nakala mbili za faili sehemu mbili tofauti, pamoja na barua pepe iliyoileta na maandishi yenye namba na tarehe ya apostili. Kila miaka miwili hivi fungua rejista uone kama bado inaijibu namba yako, kwani tovuti za serikali huhama anwani.